UA LENYE KUONYESHA UKALI WA UDONGO
Maneno kwa wakulima

Leo ninawaletea habari ya ua moja. Msicheke na kusema: «Hatuli maua.» Ua hili linatufundisha juu ya maharagi.

Jina lake ni hotensia, asili yake Ujapani. Kateni matawi mawili ya mti mmoja, mpande moja huku na jingine kule. Pengine moja litatoa maua ya buluu kama mbingu, na jingine maua ya waridi. Mti ni ule ule. Udongo ndio tofauti. Hotensia nyeupe tu haigeuki hivyo.

Sababu yake? Ninyi wenye kukaa karibu na mashimo ya madini mwajua ya kuwa udongo unaficha mambo. Ndani yake mna aluminiamu, madini yale ya sufuria nyepesi. Udongo ukiwa mkali, aluminiamu inayeyuka katika maji, mizizi inainywa, na ua linakuwa buluu. Wapimaji wanahesabu ukali kwa pH: 7 ni katikati, chini ya 5,5 ua huelekea buluu, kupita 6,5 huwa la waridi.

Sasa sikieni vizuri. Kile kinachopamba ua ni sumu kwa maharagi. Kinaharibu ncha za mizizi, nayo inabaki mifupi na minene. Mvua ikikatika siku chache, maharagi yananyauka, na mama analia: «Wameniloga shamba!» Hapana, mama. Ng'oa shina moja, utazame mizizi. Muhogo unavumilia ukali. Kwa hiyo unazaa pale maharagi yanaposhindwa.

Fanyeni hivi:

1. Wekeni majivu ya kuni mahali pakavu. Yakinyeshewa, nguvu yake inaondoka.

2. Majuma machache kabla ya kupanda, mwageni konzi mbili kwa kila hatua moja ya urefu na moja ya upana. Limeni yachanganyike na udongo.

3. Acheni mstari mmoja bila majivu. Siku ya kuvuna mtapima kwa macho yenu wenyewe, si kwa maneno yangu.

4. Msichanganye majivu na samadi mbichi. Nguvu ya samadi itapotea hewani.

Chokaa ya mawe, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi, inafanya kazi ile ile. Iliyochomwa ni kali: jihadharini na macho.

Msichukue kamwe majivu wala takataka za tanuru la shaba! Zina madini mengine yenye kudhuru shamba na watu.

Tena msizidishe. Majivu yakipita kiasi, mmea unakosa chuma na majani yanakuwa manjano. Mwenye kupenda hotensia ya buluu asiitie majivu hata kidogo.

Ndugu zangu, mshahara wa mgodi unaweza kukwisha kabla ya mwezi. Chungu cha maharagi kando ya bukari ndicho kinachowashibisha watoto. Majivu tunayotupa kila asubuhi nyuma ya nyumba, tuyapeleke shambani.