Deni la Kodi na Gharama za Madalali huko Uingereza

Hotuba ya kamati iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Tumetakiwa tueleze habari ya maombi yaliyoifikia kamati kutoka kwa wana wetu walioko Uingereza, maombi ya kusaidiwa kulipa deni la kodi ya baraza la mji pamoja na gharama za madalali waliotumwa kulidai. Twajua ya kuwa jambo hili limeleta mabishano. Wako waliosema kwamba asiyelipa kodi na aubebe mzigo wake mwenyewe, na wako waliosema kwamba fedha zipelekwe upesi kabla ya aibu kuingia nyumbani. Kamati imezisikiliza pande zote mbili, nayo imeona kwamba zote mbili zimesahau swali moja. Katika fedha hizo zinazodaiwa, zipi ni kodi, na zipi ni ujira wa dalali? Kodi ni haki ya baraza. Ujira wa dalali una mipaka iliyowekwa na sheria, na mipaka hiyo mara nyingine hurukwa.

Yafaa kwanza tuitaje kodi yenyewe, kwa kuwa si wazee wote waliopata kuishi ng'ambo. Kodi hii hutozwa kila nyumba ya kukaa, kwa kadiri ya daraja la thamani yake. Hapa kwetu kodi ya ardhi ya mji hudaiwa mwenye kiwanja, na mpangaji hata hajui habari yake. Kule mpangaji wa nyumba nzima ndiye alipaye, na kijana aliyetoka huku akidhani kwamba akimlipa mwenye nyumba amemaliza, hushtuka sana barua ya baraza inapomfikia. Aliyepanga chumba kimoja tu katika nyumba ya watu wengi, mara nyingi mwenye nyumba ndiye mdaiwa.

Wazee hawatashangaa kusikia kodi iliyofungwa na nyumba, maana wazazi wao walitozwa kodi ya kibanda tangu 1901. Na Waingereza nao walijaribu kutozana kodi ya kichwa, Skotilandi tangu 1989, na Uingereza na Wales tangu 1990. Watu waliikataa, pakawa na ghasia kubwa mjini London mwezi wa Machi 1990, hata mwaka 1993 ikaondolewa na hii ya sasa ikashika mahali pake. Wale ambao wazazi wao walisimamishwa njiani kuulizwa risiti ya kodi ya kichwa wataruhusiwa kutabasamu kidogo.

Sasa tuje kwenye deni. Kwa kawaida kodi ya mwaka hulipwa kwa mafungu kumi. Mtu akikosa fungu moja, baraza humpelekea barua ya kumkumbusha na kumpa siku 7. Asipolipa, kodi yote iliyobaki ya mwaka ule hudaiwa kwa pamoja, kisha huitwa mbele ya mahakama ya mahakimu, nayo hutoa amri ya kuthibitisha deni na kuongeza gharama za shauri. Baada ya amri hiyo baraza laweza kumkata mtu mshahara, au kulitia deni mikononi mwa madalali. Huko siku hizi wana jina jingine la heshima zaidi, lakini kazi yao ni ile ile, nasi tutawaita madalali.

Ujira wao haukuachwa wajipangie. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2014 ziliweka vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni pale deni lipelekwapo kwa dalali naye akaanza kuandika barua. Hapo ziliwekwa pauni 75. Cha pili ni pale afikapo nyumbani kwa mdaiwa. Hapo ziliwekwa pauni 235, na ikiwa deni lilipita pauni 1,500, iliongezwa asilimia 7.5 ya kile kilichozidi. Cha tatu ni pale mali ichukuliwapo ili kuuzwa. Hapo ziliwekwa pauni 110, na asilimia ile ile juu ya kilichozidi. Serikali yaweza kuvibadili viwango hivi, kwa hiyo mdaiwa hana budi kutazama kiwango kilichokuwa na nguvu siku ile alipotozwa.

Tunawaomba mtazame kituo cha pili kwa makini, kwa kuwa ndicho kizitoboacho mifuko. Barua haileti ujira wa kituo hicho. Simu hailetii, wala ujumbe wa simu hauleti. Lazima dalali awe amefika nyumbani kwa miguu yake. Na kabla ya kufika, lazima awe amempelekea mdaiwa ilani, akampa siku 7 kamili zisizohesabiwa Jumapili wala sikukuu za serikali. Katika siku hizo mdaiwa akipatana naye kulipa kidogo kidogo, na akayashika mapatano, kituo cha pili hakifikiwi, naye hulipa deni lake na ujira wa kituo cha kwanza tu. Tena ujira wa kituo cha pili hutozwa mara moja. Dalali akirudi mara ya pili na ya tatu, hazaliwi ujira mwingine. Gharama za kufungua kufuli au kuweka mali ghalani zaweza kudaiwa ikiwa kweli zimetumika na ni za kadiri, si kwa kutajwa tu kwenye karatasi.

Katika maombi ya mwaka huu liko moja linaloonyesha jambo lote. Binti yetu mmoja, muuguzi katika mji mmoja wa kati ya Uingereza, alikuwa na amri mbili za mahakama juu yake, moja ya pauni 820 na nyingine ya pauni 640, kwa kodi za miaka miwili. Madalali wa kampuni moja walipewa amri zote mbili. Asubuhi moja alifika dalali mmoja, akagonga mlango mmoja, akaacha karatasi mbili. Katika kila karatasi palikuwa na pauni 75 na pauni 235. Jumla ya ujira ikawa pauni 620, na jumla ya madai yote pauni 2,080. Binti huyo aliiandikia kamati akiomba mkopo wa fedha zote hizo, naye alitaka zifike kabla ya mwisho wa juma.

Kamati ilimjibu siku ile ile, lakini haikumpelekea fedha. Ilimwomba apeleke nakala za karatasi zote. Tulipozisoma pamoja na mwanachama wetu mmoja akaaye huko, tukaona kosa waziwazi. Kanuni zasema kwamba dalali mwenye amri zaidi ya moja juu ya mtu mmoja, akiweza kuzishughulikia kwa wakati mmoja, na azishughulikie pamoja, na ujira wa kufika nyumbani autoze mara moja tu. Pauni 75 aweza kuzitoza kwa kila amri, hilo hatulikatai. Na kwa kuwa madeni hayo mawili kwa jumla ni pauni 1,460, hayakufika 1,500, hapakuwa na asilimia ya kuongeza. Basi ujira wa haki ulikuwa pauni 150 na pauni 235, yaani 385. Zilizozidi ni pauni 235. Hizo ndizo ambazo mfuko wetu, unaojazwa na michango ya wauza mboga na walimu waliostaafu, ungezituma ng'ambo bure.

Binti alimwandikia dalali, akajibiwa kwamba kila amri ni kazi mbali. Hakubishana naye kwenye simu. Aliandika barua nyingine kwa baraza lenyewe, akaeleza tarehe ya kufika kwa dalali, saa, idadi ya karatasi, na hesabu kama tulivyoieleza hapa. Ndipo pauni 235 zikafutwa. Baraza haliwezi kunawa mikono kwa kuwa limemtuma mwingine. Dalali hutenda kazi kwa niaba yake, na tendo la mtumwa hurudi kwa aliyemtuma.

Njia ya kulalamika ndiyo hiyo: kwanza kwa kampuni ya madalali, kwa maandishi, na kutaka mchanganuo wa kila pauni na tarehe yake, kisha kwa baraza. Baraza likikataa, iko Ofisi ya Ombudsman wa Serikali za Mitaa na Huduma za Jamii, ambayo huchunguza malalamiko juu ya mabaraza bila malipo. Malalamiko yafaa yaifikie katika miezi 12 tangu mtu alipolijua jambo. Iko pia njia ya kumwomba hakimu aukadirie ujira, lakini huko mwenye kushindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake, nasi hatumshauri mtu kuiingia kwa ajili ya pauni chache kabla ya kupata shauri la mwanasheria. Haya ni ya Uingereza. Aliye Skotilandi ana sheria nyingine na maafisa wengine, wala asizitumie hesabu zetu.

Hili si geni hata kwetu. Sheria ya Madalali ya Kenya ya 1996 na kanuni zake za 1997 nazo zimeuwekea ujira wa dalali mipaka. Lakini ni wangapi kati yetu, dalali alipokuja kubeba viti vya jirani, waliouliza mipaka hiyo?

Wako wagonjwa, wazee, wajawazito na wengine walio katika hali ya udhaifu. Kwa hao kanuni za Uingereza zaongeza ulinzi: dalali asipowapa nafasi ya kutosha ya kutafuta msaada na shauri kabla ya kuchukua mali, hawezi kuwadai ujira wa kituo cha pili. Basi mtu na aseme hali yake mapema, tena kwa maandishi. Tumeona vijana wetu wakificha ugonjwa kwa kuona haya, kisha wakalipa bei ya haya hiyo.

Juu ya mlango, maneno machache. Kwa deni la kodi hii dalali hana ruhusa ya kuvunja mlango anapofika mara ya kwanza. Huingia kwa amani, kwa mlango, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, wala haingii ikiwa nyumbani yumo mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake. Lakini aliyemfungulia, kisha akatia saini mapatano ya kuiacha mali nyumbani kwa masharti, amejifunga, na akiyavunja, dalali aweza kurudi kwa nguvu zaidi. Nguo, matandiko, jiko na jokofu la nyumbani hazichukuliwi. Wala mali ya mtu mwingine haichukuliwi, ingawa mwenyewe atatakiwa kuonyesha kwamba ni yake.

Tena liko neno ambalo hatuwezi kulipita. Mitandaoni wako wanaouza barua zilizokwisha kuandikwa, zinazodai kwamba amri ya mahakama haina nguvu kwa kuwa haina saini fulani au muhuri fulani. Barua hizo hazijamwokoa mtu yeyote tumjuaye. Kupinga ujira uliozidi ni jambo moja, na kukana kodi yenyewe ni jambo jingine, na kamati haitatoa hata senti kwa hilo la pili.

Bali kodi yenyewe yafaa ipimwe, maana mara nyingine hata hiyo haikustahili kuwa kubwa hivyo. Mtu mzima akaaye peke yake hupunguziwa robo. Nyumba ya wanafunzi watupu wa masomo ya muda wote haitozwi. Wenye hati za kukaa zisizowaruhusu kupokea fedha za umma wasiogope kuiomba hiyo robo, kwa kuwa haihesabiwi kuwa fedha za umma. Lakini ule msaada mwingine wa kodi wapewao wenye kipato kidogo huhesabiwa, na waukaribie kwa kuuliza kwanza. Binti tuliyemtaja alikuwa akikaa peke yake miaka yote miwili, asijue. Ombi lake la kupunguziwa sasa liko mezani kwa baraza.

Aliyezidiwa na madeni mengi aweza, kupitia kwa mshauri wa madeni aliyeidhinishwa, kuombewa siku 60 za kupumua, mpango ulioanza Mei 2021. Katika siku hizo madalali husimama na ujira hauongezwi. Ushauri wa bure hutolewa na Citizens Advice, StepChange na National Debtline. Tumeyaandika majina hayo kwa namna yanavyoandikwa kule ili yatafutwe bila kukosewa.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, kamati yaomba mkutano ukubali mambo mawili. La kwanza, ombi lolote la namna hii lije na nakala ya ilani ya dalali, nakala ya amri au barua ya baraza, na mchanganuo wa ujira. La pili, mfuko ukikubali kukopesha, ukopeshe kwanza sehemu isiyo na ubishi, na sehemu inayobishaniwa ingoje jibu la baraza, isipokuwa mali ya mwanachama iko karibu kuchukuliwa. Katika habari ya binti yetu, mkopo uliotolewa ni wa kodi na pauni 385 za ujira, naye ameanza kuurudisha tangu mwezi wa pili. Maombi mengine mawili yamo mikononi mwa karani. La kwanza limekuja bila ilani, na la pili lina karatasi zote ila tarehe ya kufika kwa dalali, nayo tumeiulizia.