Pikapu ya Dizeli na Daftari la Dereva

Chukueni penseli na daftari, maana leo tutagawanya hesabu.

Zamani nilikuwa na pikapu ya dizeli, ikibeba viazi Njombe. Dereva wangu alikuwa mtu mzima, mpole. Mwezi mmoja nikaona fedha za mafuta zinazidi. Nikamwambia mbele ya watu, "Dizeli yangu unamuuzia nani?" Hakujibu kwa hasira. Alitoa daftari dogo mfukoni akasema, "Mzee, soma mwenyewe."

Alikuwa na desturi hii, nanyi ishikeni. Alijaza tangi mpaka juu, akaandika namba ya kilomita. Baada ya safari zake alijaza tena mpaka pale pale, akaandika lita zilizoingia. Kilomita alizokwenda akazigawanya kwa lita. Mwanzoni gari lilikwenda kilomita 405 kwa lita 45. Gawanyeni: ni kilomita 9 kwa lita moja. Mwishoni, kwa lita 45 zile zile, lilikwenda kilomita 315 tu, yaani 7. Tena lilishuka kidogo kidogo, juma baada ya juma. Gari ndilo lililokuwa gonjwa.

Tulimwita fundi. Alifungua chujio la hewa, akalikuta limejaa vumbi. Sikieni sababu. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ya petroli. Huvuta hewa na kuibana sana mpaka iwe na joto kali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Hewa ikiwa haba, dizeli haiungui yote, hutoka moshi mweusi. Fedha zangu zilikuwa zikipita kwenye bomba la moshi, nami namtazama dereva!

Chujio la karatasi usilioshe kwa maji wala mafuta ya taa. Lipulize polepole kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Likichakaa, nunua jipya.

Matairi nayo yalikuwa na upepo mdogo. Tairi laini huzuia gari, na injini hula zaidi. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi.

Jambo la maji lataka uangalifu zaidi. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Yakifika kwenye pampu na nozeli huleta kutu na kuziharibu, na bei ya vitu hivyo itakutoa jasho. Chini ya chujio la mafuta, katika magari mengi, pana skrubu ndogo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ilegeze, ukinge kopo, uache maji yatoke mpaka uone dizeli safi, kisha ikaze. Jioni ni afadhali kujaza tangi, maana katika tangi tupu unyevu wa hewa hugeuka maji usiku. Wala usingoje dizeli iishe kabisa: hewa ikiingia katika mabomba, gari haliwaki mpaka hewa hiyo itolewe.

Baada ya matengenezo gari lilirudi kwenye 9. Nilimwomba dereva radhi mbele ya watu wale wale.

Sasa fanyeni hesabu hii. Pikapu imekwenda kilomita 384, na tangi limepokea lita 48. Ni kilomita ngapi kwa lita moja? Andikeni jibu, mmwonyeshe mwalimu wenu.