Alfred Binet na Mtoto Anayebaki Nyuma Darasani
(Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa chekechea)



Neno “mjinga” ni jepesi mdomoni, hasa ripoti ya shule inapofika nyumbani. Kabla ya kulitamka, mzazi amjue kwanza Alfred Binet, Mfaransa ambaye kipimo chake cha akili kilienea duniani, ilhali mwenyewe alionya kisitumiwe kumhukumu mtoto.

Binet alizaliwa mjini Nice mwaka wa 1857. Alisomea sheria, akaiacha, kisha akajifunza saikolojia mwenyewe kwa kusoma vitabu maktabani jijini Paris. Mengi kuhusu watoto aliyapata nyumbani, kwa kuwatazama binti zake wawili, Madeleine na Alice. Walilelewa nyumba moja, lakini kila mmoja alikuwa na namna yake ya kufikiri. Mama yeyote mwenye watoto wawili angemwambia hayo bure!

Ufaransa ilikuwa imefanya elimu kuwa ya lazima tangu 1882, na madarasani wakawemo watoto walioshindwa kufuata masomo. Mwaka wa 1904 serikali iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua ili wasaidiwe. Binet alikuwa mmoja wa wanatume. Mwaka uliofuata, yeye na daktari Théodore Simon walitoa kipimo chenye majaribio 30, kuanzia rahisi hadi magumu: kufuata kwa macho mwanga wa kiberiti, kutaja vitu vilivyo pichani, kurudia tarakimu, kueleza maana ya maneno.

Kwa Binet, matokeo yalionyesha mtoto alipo siku ile tu. Waliosema akili haiongezeki aliwapinga waziwazi. Aliwaandalia wanafunzi wazito mazoezi, mengine kama michezo: kusimama tuli kama sanamu, au kuonyeshwa vitu vingi kwa sekunde chache kisha kuvitaja. Akili, aliona, hunolewa.

Alifariki mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka 54. Kipimo kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Nchini Marekani kiliangukia mikononi mwa watu kama Henry Goddard, walioamini kwamba akili hurithiwa na haibadiliki. Mwaka wa 1927 Mahakama ya Juu ya huko iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga uzazi msichana Carrie Buck, kwa madai kwamba yeye, mama yake na bintiye mchanga walikuwa na akili pungufu. Binti huyo, Vivian, alipoanza shule, jina lake liliingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vyema. Mama yake alikuwa amekwisha kufungwa uzazi.

Hapa kwetu, Katiba ya 2010 imeweka elimu ya chekechea chini ya kaunti, na mara nyingi mwalimu wa chekechea ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto anatatizika. Asiyeitika anapoitwa huenda hasikii vizuri. Anayekosea kunakili huenda haoni ubao. Mzazi azungumze na mwalimu, kisha mtoto apelekwe katika kituo cha tathmini ya elimu, yaani EARC. Wakiwa huko, mzazi aulize mambo mawili: mtoto atasaidiwaje, na arudishwe lini kupimwa tena.