Kufundisha Nadharia ya Muziki Mtandaoni: Tuanze na Sikio la Mwanafunzi wa Taarabu



Hoja yangu ni moja: mwanafunzi wa taarabu anayesoma nadharia kwa simu au kompyuta asikie kwanza, ndipo aonyeshwe noti. Programu nyingi za masomo zimepangwa kinyume. Zinaanza na mistari mitano na kinanda cha kwenye skrini, nacho kina nusu toni 12 tu katika oktavu.

Taarabu haienei humo. Chukueni maqamu, yaani mpangilio wa noti, ya rast. Ukiianzia Do, noti yake ya tatu huangukia kati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu toni. Kwa kipimo cha sauti kiitwacho senti, oktavu nzima ina senti 1,200. Mi ya kinanda iko senti 400 juu ya Do, ile iliyoshushwa iko 300, na noti ya rast huwa karibu na 350. Nasema karibu kwa sababu wapigaji wa Cairo na wa Istanbul hawaiweki mahali pamoja, na Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, uliojadili kuigawa oktavu sehemu 24 zilizo sawa, haukuumaliza ubishi huo. Mwanafunzi aliyezoeshwa kinanda peke yake ataisikia noti hii kuwa kosa. Hapo tumemharibia sikio tulilodai kulinoa.

Dawa ipo, na haina gharama. MuseScore hupatikana bure, nayo inaruhusu kila noti kurekebishwa kwa senti. Andika Mi, ishushe senti 50, kisha sikiliza mwenyewe kabla ya kuituma darasani, maana alama inaweza kuonekana kwenye karatasi huku sauti ikibaki ileile. Programu ya kutunia ala kwenye simu nayo ifanywe chombo cha somo. Mpigaji wa udi, ambao shingo yake haina vipande vya kutenganisha noti, atelezeshe kidole huku akitazama mshale, kisha afumbe macho aitafute noti ileile kwa sikio.

Lakini mashine isiwe ndiyo mwalimu wa maqamu. Vilabu vya taarabu, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, vimelea wapigaji kwa kuwaweka vijana karibu na wazoefu. Mtandaoni, ukaribu huo tuutafute kwenye video: mkono wa mpigaji wa ganuni uonekane wote, apige polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida.

Kuhusu kupiga pamoja moja kwa moja, tusijidanganye. Sauti huchelewa njiani, na ucheleweshaji mdogo sana unatosha kuvuruga mizani ya dumbaki. Isitoshe, programu za mikutano huchuja kelele, na mvumo mrefu wa fidla huhesabiwa kuwa kelele ukakatwa. Zimeni kichujio hicho kabla ya somo. Ni heri mwanafunzi apokee rekodi, apige juu yake akiwa nyumbani, ajirekodi, kisha atume. Faili fupi za sauti pia hazili bando kama video, na wanafunzi wetu wengi hununua bando kidogokidogo.

Naomba semina hii isifungwe kabla hatujagawana kazi: kila chuo na kila klabu kirekodi maqamu za rast na bayati kwa udi, ganuni na sauti ya mwimbaji, kwa idhini ya wapigaji na majina yao yakitajwa, na rekodi hizo ziwe wazi kwa kila mwalimu.