Ufunguo Upo, Mlango Umefungwa

(Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, mwaka jana mdogo wangu wa kike alinipigia simu usiku. Mwanawe, kijana wa chuo, alikuwa ametoka hospitali baada ya miezi kadhaa ya kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Waganga walikuwa wamekwisha kula mbuzi na akiba ya nyumba. Dawa za daktari ndizo zilizomtuliza, na sasa kijana alisema amepona, hataki kuzinywa tena.

"Kaka," akaniuliza, "wewe ni mtu wa habari, hebu nitafutie. Azinywe mpaka lini?"

Swali lile halikuwa la kujibiwa kwa kubahatisha. Nikaketi mbele ya kompyuta na kuingia PubMed, hazina ya taarifa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Tangu mwaka 1997 mtu yeyote anaruhusiwa kupekua humo bila malipo, na leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Nikakuta makala ya jarida la The Lancet ya mwaka 2012, iliyokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 6,493 wa skizofrenia. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ulirudi kwa asilimia 64. Walioendelea na dawa walipata pia madhara zaidi, kama vile kunenepa na matatizo ya viungo.

Huo ulikuwa muhtasari tu. Nilipotaka makala yenyewe, nikaambiwa nilipe zaidi ya dola 30. Kwa makala moja! Hebu fikiria muuguzi wa wilayani, mwenye mshahara wake ule, akihitaji makala kumi.

Nikaenda katika maktaba ya chuo kimoja cha tiba. Mkutubi, mama mtaratibu, aliandika neno la siri, na makala ikafunguka bure. Akanieleza juu ya Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa. Vyuo, hospitali na taasisi za nchi maskini kabisa hupata maelfu ya majarida bila kulipa, mradi taasisi ijiandikishe. Nikamuuliza ni wangapi huja kusoma. Akacheka. "Mwanangu, wengi hawajui kama lipo."

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu msikilizaji. Tumezoea kulalamika kwamba elimu imefungiwa Ulaya, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini ufunguo mwingine uko kwenye droo zetu, na wenye kuutunza hawautangazi.

Liko na jambo la pili. Mwaka 2001 Vikram Patel na Athula Sumathipala walichapisha uchunguzi wao wa majarida sita makubwa ya magonjwa ya akili. Walikuta kwamba ni asilimia 6 tu ya makala yaliyotoka katika sehemu za dunia zenye zaidi ya asilimia 90 ya watu wote. Kwa maneno mengine, tunaposoma juu ya akili ya binadamu, mara nyingi tunasoma juu ya jirani wa mbali.

Na asiyejiandikia huandikiwa. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi enzi za ukoloni, alitoa kitabu juu ya akili ya Mwafrika mwaka 1953, na Shirika la Afya Duniani ndilo lililokichapisha. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Maneno hayo yalipita kama sayansi.

Sasa tazama Waafrika wanapoandika wenyewe. Huko Harare, Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha kina mama watu wazima kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua yaliyowasonga moyoni. Washona huuita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wao wenye wagonjwa 573 ulitoka katika jarida la JAMA mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14, dhidi ya 50 wa huduma ya kawaida. Leo dunia nzima inausoma.

Kwa hiyo wakuu wa hospitali, ulizeni leo kama taasisi zenu zimejiandikisha. Wakutubi, bandikeni tangazo mlangoni. Nanyi waandishi wenzangu, tusikimbilie redioni na muhtasari wakati makala kamili ipo.

Na mpwa wangu? Mama yake alimpelekea daktari karatasi zile. Daktari hakuchukia, alizisoma, akaketi na kijana, akampunguzia dozi iliyokuwa ikimtetemesha mikono, na kumweleza kwa nini asiache ghafla. Kijana amerudi darasani. Dawa anakunywa, na safari hii anajua sababu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.