Funzo la Gambia: Dawa Ipimwe Kabla ya Kunywewa

Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizogunduliwa Gambia. Watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka mitano, walikufa baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Dawa hizo zilikuwa na dayethilini glaikoli, kemikali ya viwandani yenye sumu. Sumu hiyo si ngeni: mwaka 1937 iliua watu zaidi ya 100 Marekani, na mwaka uliofuata sheria ikataka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Gambia haikuwa na maabara ya kupima dawa. Cheti cha mtengenezaji pekee hakitoshi. Serikali zetu zigharimie maabara, na zahanati ziripoti madhara mapema.