Njia ya Sampuli: Kutoka Puani hadi Maabara



Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alipolitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa nchini, fikira za watu zilielekea Rongai, katika kaunti yetu hii ya Kajiado, alikokuwa akikaa msafiri huyo aliyetoka Marekani kwa njia ya London. Na sifa zikaiendea maabara iliyotoa jibu, ilhali yule aliyekitia kijiti cha kutwalia sampuli puani mwa mgonjwa, ambaye lau kazi yake ingalikuwa na taksiri hapana mashine ambayo ingaliweza kuitengeneza, hakutajwa.

Nami jioni hii namsemea yeye. Kijiti hakielekezwi juu, kama wengi wadhanivyo, bali hupelekwa nyuma, sambamba na kaakaa, mpaka kifike sehemu ya juu ya koo, masafa yanayokaribia yale yaliyo baina ya tundu la pua na tundu la sikio. Kikaachwa hapo sekunde kadhaa kifyonze ute, kikazungushwa taratibu, ndipo kikatolewa. Anayemhurumia mgonjwa akaishia mlangoni mwa pua aweza kurudi na kijiti kitupu, na jibu la “hana” litakalozaliwa humo litamrejesha mtu Kitengela, kwa wanawe na wazazi wake, akiwa na amani isiyo na msingi. Wala mpini wa mti haufai, kwa kuwa huenda ukawa na vitu vya kuviua virusi au kukizuia kipimo cha PCR. Hutakiwa plastiki na nyuzi za kiwandani.

Kisha kijiti hutiwa katika chupa yenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi, ikaandikwa jina papo hapo, ikafungwa ndani ya chombo cha pili chenye kitu cha kunyonya kitakachomwagika, na chombo hicho kikatiwa katika sanduku gumu. Baridi iwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na muda usizidi saa 72; ukizidi, hapana budi kugandisha kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Si jambo jepesi hilo kwa sampuli iliyotwaliwa Namanga, mpakani na Tanzania, ikapitia Kajiado na Kitengela kwenda maabara, zaidi ya kilomita 150, katika jua la alasiri na msongamano wa malori.

Mnakumbuka kadhia ya Mei 2020, madereva wa malori walioambiwa Kenya kwamba wana virusi, kisha wakapimwa Arusha na kutangazwa kuwa hawana, katika mwezi ule ule ambao, tarehe 16, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa isipokuwa kwa mizigo. Mataifa mawili jirani yakateta juu ya nani msema kweli. Lakini virusi puani hupungua kadiri siku zinavyopita, na sampuli mbili za mtu mmoja zaweza kutofautiana pasiwe na mwongo. Kwa hiyo, kabla ya kuihukumu maabara yoyote, ilipasa kuulizwa kila sampuli ilitwaliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, kwa kina gani, na ilisafiri katika baridi ya nyuzi ngapi.